Saratani Imekufa, Mtaa Mzima Umealikwa

Jumanne, 4 Machi

Saratani imekufa! Mwanangu ameiua. Yote!

Ngoja nikae kwanza. Naandika nimesimama, na pasi bado iko juu ya suruali ya watu. Nimeitoa. Imeacha alama. Nitasema ilikuja nayo.

Ilikuwa hivi. Napiga pasi, simu inalia, ni Dokta. Dokta ni binti yangu, wa kwanza na wa mwisho. Bado hajatunukiwa huo udokta, na yeye mwenyewe hulikataa jina, lakini mimi nilianza kumwita hivyo tangu anang'oka meno ya utoto. Siwezi kuacha leo tunapokaribia kufika. Yuko chuo kikuu, anasomea uzamivu, yaani kule ambako ukimaliza hakuna tena mtu wa kukufundisha. Analia. Nikamuuliza kuna nini. Akasema Mama, seli zangu zimekufa. Nikauliza seli zipi, zile za saratani? Akasema ndiyo, zile za limfoma, saratani ya tezi, ile kali. Nikauliza zote? Akasema zote, Mama, haikubaki hata moja.

Nikapiga kigelegele. Simu ikakatika. Furaha.

Nikamwambia baba yake. Mzee huyu tangu astaafu udereva husema sentensi moja kwa siku, na ya leo alikuwa bado nayo. Akapunguza redio. Akasema, "Mbona analia?" Akaongeza redio. Mwanamume hajui kilio cha furaha. Siku ya harusi yetu nililia, akaniuliza kama kiatu kinabana.

Kilikuwa kinabana. Lakini hiyo si hoja.

Habari haikukalika. Nikatoka mpaka uani. Mama Rubani alikuwa anaanika nguo upande wake. Huyu ni jirani yangu na shoga yangu, na mtoto wake anaendesha ndege. Tangu kijana apate kazi hiyo, shoga hasemi tena "juzi" kama watu. Husema "siku ile mwanangu alipokuwa hewani". Nikamwambia shoga, wako anapita juu ya mawingu, wangu ameua saratani. Akashika kamba. Akauliza saratani ya nani.

Nikababaika. Ya nani? Ya watu! Ya wote! Swali gani hilo?

Nikamwalika palepale. Jumamosi, saa kumi, kwangu. Kabla jua halijazama nilikuwa nimemaliza mtaa mzima, pamoja na wale tusiosalimiana.

Jumatano, 5 Machi

Maandalizi. Mwenye viti na maturubai akauliza shughuli ni ya nini. Nikamwambia saratani imekufa. Akaleta turubai la msiba. Nikalirudisha. Akaleta la harusi, lina maua na tundu moja. Linafaa.

Watu wananiuliza hasa Dokta alifanya nini, nami naeleza. Nimeelezwa mara nyingi kwenye simu na nimeelewa vizuri, isipokuwa pale katikati. Mwilini kuna tezi: za shingoni, za kwapani, za kwenye kinena. Ndani ya tezi wamo askari wa damu. Ndani ya kila askari kuna swichi ya kumwambia zaa, au acha kuzaa. Kwa mgonjwa swichi imekwama kwenye zaa. Askari anazaa askari, nao wanazaa wenzao, hawapigani na mtu, wanajaa tu kama wageni wasiojua kuaga. Dokta anatafuta kidole cha kuizima hiyo swichi. Kwa kifupi mwanangu ni fundi umeme wa damu. Hiyo ya mwisho ni yangu, yeye hakuisema.

Jambo moja tu halijawahi kuniingia. Hizo seli anazifuga! Zimo kwenye chupa, zimelazwa ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu, zinanyweshwa maji ya rangi ya waridi. Yakigeuka manjano ujue zimekula, ongeza. Jumapili wenzake wamelala, yeye anakwenda kuzilisha. Alikosa harusi ya binamu yake, akasema seli zina njaa. Sasa unamlishaje adui? Swali hilo limenisumbua tangu aanze masomo. Leo, nikikamua shuka, jibu likaja lenyewe. Ng'ombe hunoneshwa kabla ya kuchinjwa! Ndiyo sayansi hiyo.

Mwoka keki akataka kujua saratani inafananaje, ili aichore juu. Nikamtumia Dokta ujumbe: zinafananaje? Akajibu: vichala vya zabibu. Kwa nini? Sikumwambia. Nataka ashtuke.

Keki itakuwa na zabibu. Tutazichoma kisu.

Jioni nasikia Mama Rubani amepita nyumba kwa nyumba, anasema Jumamosi saa kumi na nusu mwanae atapita juu ya mtaa wetu na kupunga bawa. Mwanamke huyu! Saa kumi na nusu ndipo hotuba yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Kinyozi amekuja.

Kinyozi wa pale kwenye kona, aliyenyoa vichwa vya mtaa huu kuanzia vya watoto mpaka vya babu zao. Nilidhani kaleta taulo zake, maana mimi ndiye dobi wake. Kumbe mikono mitupu. Akakaa. Akasifu pasi yangu. Akaniambia leo jua kali, na yeye mwenyewe kavaa skafu. Nikamwambia si ungeivua. Akatazama mlango, akaivua.

Uvimbe. Chini ya taya, upande wa kushoto, kama kipande cha sabuni kilichotumika nusu.

Akasema hauumi. Akasema ulianza kama punje ya mtama shule zilipofungwa. Nikakumbuka mambo nikatamani nisiyakumbuke. Shuka zake zinakuja kwangu zimeloa jasho kama zimekwisha kufuliwa. Suruali zake kanipa nizipunguze kiuno, nikazipunguza, akarudi nizipunguze tena, nikamtania kwamba anajitengeneza kwa ajili ya mchumba. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo nafua mimi!

Nikamuuliza hospitali wamesemaje. Akasema hajaenda na haendi. Kaka yake aliingia kule kwa miguu yake mwenyewe, wao wakaenda kumchukua kwa jeneza. Mtu ajitolee kwa miguu yake? Hapana. Ulimi uliniwasha kumwambia mficha maradhi kilio humfichua, lakini huwezi kumwambia hivyo mtu aliyekwisha kujifichua mwenyewe, tena amekaa juu ya stuli yako.

Ndipo akainama, akasema kwa sauti ndogo, Mama Dokta, nimesikia Dokta kaiua. Niwekee nafasi kabla ya Jumamosi. Wakishajua watu patakuwa na foleni.

Nikasema usiwe na shaka. Nikasema wewe ni wa kwanza. Nikampa chai. Nimetia sabuni beseni moja mara mbili tangu hapo, sijui kwa nini, maana dawa ipo.

Nimempigia Dokta mara kadhaa. Hapokei. Mshindi ana kazi nyingi.

Ijumaa, 7 Machi

Sielewi tena kitu. Naandika ili nione kama kitaeleweka kikiwa kwenye mistari.

Dokta amekuja nyumbani. Macho yamevimba. Akalikuta turubai la maua limefungwa mpaka kwenye dirisha la chumba chake. Akauliza nani anaolewa. Nikamwambia, tena kwa madaha. Akakaa chini, kwenye beseni la nguo, na lilikuwa na nguo.

Anasema hakuiua saratani. Anasema seli zimekufa zenyewe, kwa ukungu. Ukungu! Ule ule wa ukutani! Umeingia chupani, ukaota nyuzi kama pamba, ukazimaliza. Nikasema basi ukungu ndio dawa, tatizo liko wapi? Akasema Mama, chupani kila kitu kinaiua. Siki inaiua. Dawa yako ya madoa inaiua. Tatizo ni kuiua bila kumuua aliye nayo, na ili ajue namna hiyo lazima seli ziwe hai aziulize maswali. Zikifa bila kujibu, kazi yote imekwenda na maji. Mwezi huu alitakiwa asimame mbele ya jopo la maprofesa awaonyeshe majibu. Sasa hana majibu wala wa kuwauliza.

Kwa hiyo zikiwa hai ni vizuri. Na zikiwa hai ni vibaya. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba asirudie tena.

Nikauliza hizo seli zilikuwa za nani, swali la Mama Rubani, lakini sikusema ni lake. Akasema za mtu mmoja aliyekubali kutoa uvimbe wake kwa utafiti. Yuko wapi? Alishafariki zamani. Mtu amekufa, ugonjwa wake unaishi, unalishwa Jumapili! Nikatoka nje kuvuta hewa. Nikarudi.

Halafu akasema kinachomsumbua zaidi ni jinsi ukungu ulivyoingia. Kabati lina milango miwili. Wote wanavaa glavu. Lazima kuna mtu alifungua chupa wiki iliyopita bila kufuata utaratibu.

Nikakunja fulana. Nikaikunja tena.

Wiki iliyopita nilimpelekea koti lake jeupe, nililipiga pasi likasimama lenyewe. Alitoka kuniletea kiti. Nikabaki na lile kabati. Mlango wa kwanza, mlango wa kioo, nikaziona zimelala. Miaka yote hii nazisikia tu! Mtu akikaribishwa kwa watu husalimia wenyeji. Nikasalimia. Nikainua moja. Nikafungua kifuniko kidogo ninuse. Haikunuka kitu. Mimi ndiye niliyepiga chafya.

Nikamuuliza, kwa mfano, mtu akifungua kunusa tu? Akaniangalia muda mrefu. "Mama." Nikasema kwa mfano. "Mama!" Nikasema kwa mfano tu, mbona unapanda sauti? Akaanza kulia, kilio kikageuka kicheko, kikageuka tena, mwisho akalala kwenye paja langu kama zamani, na sikujua nimbembeleze kwa lipi.

Lakini nitaandika ukweli mahali hapa ambapo hakuna wa kusoma. Kumbe muuaji ni mimi! Chafya moja. Maprofesa wameshindwa.

Alipotulia nikamweleza habari za Kinyozi, ili ajue kwamba tuna mgonjwa. Kicheko kikakatika. Akauliza uvimbe uko wapi, mkubwa kiasi gani, jasho lipo, amekonda? Nikajibu yote, maana nguo zinasema. Akasimama. Akasema anaweza asiwe na limfoma, huenda ni kifua kikuu cha tezi, huenda ni kitu kingine, lakini aende hospitali Jumatatu asubuhi, asikae, kwa sababu ile kali inakwenda mbio. Nikasema basi amekwisha. Akasema hapana, ile kali ndiyo mara nyingi inayopona, dawa hukamata kinachokimbia. Ile ya polepole ndiyo ngumu kuing'oa.

Mkali anapona, mpole anakaa. Ndivyo alivyosema, na hakuwa anatania.

Nikamwambia Kinyozi haendi hospitali, anakungoja wewe. Akasema basi mwambie ukweli, Mama.

Ukweli! Nikimwambia hakuna dawa ya Dokta, atafunga skafu na kurudi dukani kwake. Hapa panahitaji mpango.

Jumamosi, 8 Machi

Miguu iko kwenye beseni. Siku gani hii!

Asubuhi nilifikiria kuahirisha. Nikatoka, nikakuta viti vimepangwa na Mama Rubani ameshakaa cha mbele. Bora lawama kuliko fedheha. Tukaendelea.

Kinyozi alikuwa wa pili. Suti ile niliyoinyosha mimi, skafu juu yake. Nikamvuta mpaka chumba cha pasi na kumpa mpango. Nikamwambia dawa ya Dokta haimwingii mtu asiye na kipande. Akauliza kipande gani. Cha uvimbe! Hospitali wanakata kidogo, wanakitazama kwa darubini, wanajua ni swichi ipi iliyokwama. Bila hicho Dokta hana pa kuanzia. Akafikiri. Akauliza nikienda huko, anayenitibu ni Dokta? Nikasema Dokta yuko nyuma ya kila kitu. Na si uongo. Jengo lao liko nyuma ya hospitali.

Akakubali! Jumatatu! Nikatoka na kifua mbele.

Saa kumi na nusu, nimeshika kipaza sauti, ndege ikapita. Watu wote vichwa juu. Mama Rubani akapanda kwenye kiti akapunga leso mpaka kiti kikalia. Ndege ikaenda zake, bawa limenyooka kama ubao. Mtu mmoja akasema hiyo si ya abiria, ni ya mizigo. Moyo wangu ukanyooka kama shuka lililopigwa pasi.

Nikahutubia. Nikasema mwana wa mwenzio si wako, lakini huyu leo ni wa wote. Nikafika mahali pa askari na swichi. Mama Rubani, ambaye sasa alikuwa na donge la ndege, akanyoosha mkono akasema tumekuja matanga ya saratani, basi tuonyeshwe maiti. Watu wakacheka. Nikasema maiti... nikasema... na hapo Dokta akaniondolea kipaza sauti mkononi kwa upole, kama unavyomwondolea mtoto mkasi.

Akasema shikamooni. Akasema yeye hajaua saratani. Akasema wako watu wengi duniani wanaoitafuta njia, yeye ana kipande kidogo cha hiyo njia, na wiki hii kimemponyoka. Kuna mtu alifungua kifuniko. Hakunitaja! Mtoto mwenye adabu. Baba yake ndiye aliyenigeukia, lakini alikuwa ameshatumia sentensi yake asubuhi kuulizia soksi.

Halafu akasema kama kuna mtu hapa ana uvimbe usiouma ambao umekaa na unakua, au anatoka jasho la kulowanisha shuka, au anakonda bila sababu, asiufiche. Dawa zipo hospitali. Si zake yeye, ni za wote, na zinafanya kazi zaidi mtu akiwahi.

Turubai lilisikika likipepea.

Kinyozi akasimama. Nilitafuta pa kujificha, hapakuwa na pengine ila nyuma ya keki. Akavua skafu mbele ya watu wote aliowanyoa. Hakumtazama Dokta, akanitazama mimi.

"Mama Dokta, kwa hiyo ile dawa haipo?"

"Ipo. Hospitali. Ilikuwepo siku zote."

"Mbona hukuniambia hivyo juzi?"

"Ungekwenda?"

Akafikiri. Mtu akifikiri namna ile mbele ya mtaa mzima, unazeeka wewe unayemngoja. Akasema nisingekwenda. Akaivaa skafu. Akaivua tena, akaitia mfukoni. Akasema basi Jumatatu. Lakini utanipeleka wewe uliyenidanganya, na mkono utanishika wewe.

Hakuna aliyejua kama keki iliwe au isiliwe. Mama Rubani ndiye aliyeshika kisu. Akakata pale penye kichala kikubwa kuliko vyote, akamwekea Kinyozi, akamwambia itafune, shemeji, iumie.

Jumatatu, 10 Machi

Hospitali. Foleni ndefu kama kamba ya nguo za hoteli. Nikamwambia nesi mimi ni mama wa Dokta. Akauliza daktari yupi, wodi ipi. Nikasema wa chupa. Akaniambia mama, kaa.

Kinyozi aliogopa, basi akaanza kuwatazama madaktari vichwa. Kila anayepita anamkagua. Huyu kanyolewa na adui yake. Huyu kajinyoa gizani. Alipokuja yule wa kukata kipande, Kinyozi akaninong'oneza kwamba hawezi kumwachia shingo mtu aliyekiacha kisogo chake katika hali ile. Nikamwambia kisogo hanyoi mwenyewe. Akasema ndiyo, lakini anachagua nani amnyoe.

Waliponiambia nisubiri nje alikataa kuuachia mkono wangu. Wakanivalisha gauni na barakoa, nikasimama kichwani pake. Alinibana mpaka pete ikaacha alama. Nikamsimulia Mama Rubani alivyopunga leso kwa ndege ya mizigo. Daktari akatuomba tuache kucheka, kisu kiko shingoni.

Nimerudi na gauni lile. Nitalifua nilirudishe. Halijui pasi.

Alhamisi, 20 Machi

Ndiyo yenyewe. Limfoma. Ile kali. Daktari alisema taratibu, akiyaweka maneno moja moja kama vyombo vya watu. Alisema kuna dawa za dripu, zitakwenda kwa awamu, na uwezekano ni mzuri ila hawezi kuahidi. Waanze wiki hii hii.

Kinyozi akauliza kama nywele zitatoka. Akaambiwa zitatoka. Akasema atazitangulia, hawezi kunyolewa na dawa wakati wembe upo.

Mimi nilikwenda chumba cha pasi nikafunga mlango, nikapiga pasi kitambaa kimoja mpaka kikawa moto. Nilikuwa najua jina la ugonjwa huu tangu Dokta aanze masomo. Nimelitamka sokoni, kwenye harusi, kwenye foleni ya maji, kwa raha zangu, kama mtu anayetaja mtaa alikojenga mwanawe. Sikujua lina shingo. Sikujua lina suti.

Dokta akapiga simu. Nikamuuliza, ile kali ndiyo inayopona, au nilisikia vibaya? Akasema ulisikia vizuri, Mama, mara nyingi, si kila mara. Nikamwambia arudie. Safari hii nilitaka arudie.

Jumanne, 25 Machi

Mama Rubani anataka kuniibia mgonjwa! Leo nimefika kwa Kinyozi kumpeleka kwenye dripu, nikaambiwa ametoka na Mama Rubani mapema, kwa teksi. Teksi! Mimi humpeleka kwa miguu, ananyoosha viungo. Nikawakuta wodini, shoga amekaa kwenye kiti changu, anamsimulia habari za mawingu. Nikasimama upande wa pili. Tumebishania mto wake mpaka nesi akauchukua yeye.

Kinyozi amekwisha kujinyoa. Vioo viwili, wembe mmoja, na kidonda kidogo juu ya sikio. Nikamuuliza vipi fundi mkubwa kama wewe. Akasema mteja mwenyewe hatulii.

Tumekubaliana: siku za dripu ni zangu, siku za vipimo ni zake. Nimempunja. Vipimo ni vichache.

Alhamisi, 3 Aprili

Kalamu inaruka. Nianze na Kinyozi au nianze na Dokta? Nianze na Kinyozi, kwa sababu Dokta ni mkubwa zaidi.

Uvimbe umepungua! Leo nimeushika mwenyewe, kwa ruhusa. Ulikuwa nusu kipande cha sabuni, sasa ni kile kijipande kinachobaki kwenye sinki ambacho hakishikiki. Daktari akasema ni dalili nzuri, ila awamu bado nyingi, asiache hata moja, na tusishangilie mapema. Nikamwambia mimi si mtu wa kushangilia mapema. Kinyozi akakohoa.

Tena Kinyozi ametia sahihi kwamba sehemu ya kile kipande chake iende kwa watafiti. Akaniambia, Mama Dokta, sasa nami nitalishwa Jumapili. Akaniomba kitu kimoja, maana habari za ile chafya nilikwisha kumwambia siku ya dripu: nisimsalimie.

Nimefika nyumbani, simu. Dokta. Anacheka! Anasema Mama, zimefufuka! Nikauliza nini zimefufuka. Akasema seli zangu. Kumbe zilikuwepo nyingine kwenye tangi la baridi kali, zimegandishwa tangu anaanza masomo, ngumu kama jiwe, hazipumui, hazili. Kazitoa kwenye ule moshi wa baridi, kazipa joto, hazikuamka. Kazitoa nyingine, hazikuamka. Za tatu asubuhi hii zimefumbua macho, zinakula, maji yamekuwa manjano! Na jopo limemsogezea tarehe.

Nimekaa kwenye stuli. Saratani ikifa, analia. Ikifufuka, anacheka. Ya Kinyozi ikipungua tunashukuru, ya chupani ikiongezeka tunashukuru. Nimejaribu kuviweka vyote viwili kichwani kwa pamoja, kimoja kikadondoka.

Lakini jambo moja nimelielewa, tena bila kurudiwa. Zilikuwa zimekufa, zimelala kwenye barafu miaka, mwanangu kazigusa, zimeamka. Mwanangu anafufua wafu!

Nimemwambia baba yake. Akapunguza redio. Akasema, "Mbona anacheka?" Akaongeza redio.

Nimekimbia uani. Mama Rubani alikuwa anaanua nguo. Nikamwambia shoga, mwanangu anafufua. Akashika kamba. Akauliza wafu wa nani.

Huyu mwanamke ana maswali gani haya?

Mwoka keki nimeshamwona. Safari hii zabibu zichorwe zikiwa na macho. Mwenye maturubai kauliza la msiba au la harusi, nikamwambia lete yote mawili, uyaunganishe. Kinyozi atakata keki, akiwa na nguvu siku hiyo, na kama hana tutaipeleka alipo. Nimemwomba Dokta aje na chupa moja tu, watu wazione kwa macho, nami nitamshikia. Simu ikakatika.

Furaha.

Jumapili, tarehe sita, saa kumi jioni, kwangu. Mtaa mzima.